Nabii Chini ya Mretemu

Somo: 1 Wafalme 19:1–18



Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya jambo ambalo watu hulinena kwa sauti ndogo, au hawalineni kabisa. Ni habari ya mtu ambaye mwili wake ni mzima, hana homa wala jeraha, mikono yake yaweza kufanya kazi. Walakini moyo wake umelemewa. Usiku hapati usingizi. Chakula hakina ladha kinywani mwake. Jumapili aja kanisani, aimba pamoja na wengine, naye ndani ni kama nyumba ambayo taa yake imezimwa. Akiulizwa, “Habari gani?” hujibu, “Njema,” kama ilivyo desturi yetu, na muulizaji hupita.

Watu wa namna hii ni wengi kuliko tunavyodhani. Yuko mama aliyezaa salama, na watu wote wamfurahia mtoto, lakini yeye mwenyewe alia mchana kutwa wala hajui sababu. Yuko mume na mke walalao nyumba moja, na mwezi wa tatu huu hawajasemezana ila kwa kinywa cha mtoto. Yuko binti aliyeshuka kutoka Lushoto kwenda kufanya kazi katika nyumba ya watu mjini Tanga, hana ndugu wala rafiki, na kila jioni aitazama milima kwa mbali. Yuko mzee aliyestaafu kazi, naye hajui tena asubuhi aamkie nini. Katika mkoa wetu huu twayajua vema majonzi ya kupoteza kazi. Katika miaka ya 1960 nchi yetu ilivuna mkonge zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yamepungua hata chini ya tani 30,000. Watu waliandika hesabu ya tani. Ni nani aliyeandika hesabu ya baba waliorudi nyumbani mikono mitupu, wakakaa kimya barazani hata wakaonekana kuwa wageni kwa watoto wao wenyewe?

Je, mtu aliyelemewa hivi afanye nini? Mmoja humwambia, “Omba zaidi, maana imani yako ni haba.” Mwingine humwambia, “Umetupiwa jambo. Twende kwa mganga.” Na siku hizi yuko wa tatu amwambiaye, “Nenda kwa mshauri, mtu aliyefundishwa kuwasikiliza waliolemewa na kuwasaidia.” Kazi hiyo yaitwa ushauri nasaha, au unasihi. Wakristo wengi wasita kuiendea, wakiuliza mioyoni mwao: Kwenda huko si kukosa imani? Swali hili si dogo, maana wako walioangamia huku wakingoja jibu lake. Basi na tulipeleke mbele ya Neno la Mungu.

I. Aliyechoka ni nabii

Eliya alikuwa ametoka mlimani Karmeli. Huko moto ulishuka mbele ya macho ya watu wote, na mvua ikanyesha baada ya ukame wa miaka. Mtu angedhani ya kuwa baada ya siku kama hiyo nabii atakaa kwa furaha. Haikuwa hivyo. Malkia Yezebeli alituma mjumbe kumtisha, naye akaogopa, akakimbia hata Beer-sheba. Hapo akamwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, mti mdogo wa jangwani wenye kivuli haba. Akamwomba Mungu amwondolee uhai wake, kwa kuwa ameona yatosha. Kisha akalala.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, huyu aliyetamani kufa hakuwa mpagani, wala hakuwa Mkristo wa jina tu. Alikuwa nabii ambaye maombi yake yalijibiwa kwa moto. Basi asemaye ya kuwa huzuni ya namna hii ni alama ya kukosa imani, na amweleze kwanza Eliya. Na akiisha, amweleze Ayubu, na Yeremia aliyeilaani siku ya kuzaliwa kwake, na Paulo aliyewaandikia Wakorintho ya kuwa huko Asia alilemewa kupita nguvu zake hata akakata tamaa ya kuishi. Na mwisho amtazame Bwana mwenyewe katika Gethsemane. Siku ile Yesu hakuingia bustanini akiwa peke yake. Aliwachukua wanafunzi watatu, akawaambia wazi ya kuwa roho yake ina huzuni nyingi, akawaomba wakeshe pamoja naye. Ikiwa Mwana wa Mungu hakuona haya kuwaambia rafiki zake huzuni yake, mkulima wa Bumbuli au mvuvi wa Pangani aone haya kwa nini?

La pili, Eliya alimwacha mtumishi wake, akaenda peke yake. Ndiyo desturi ya huzuni nzito: humtenga mtu na wale ambao wangeweza kumsaidia, kisha humwambia, “Waona? Huna mtu.” Dkt. Martin Luther aliijua sana hila hii. Alipokuwa mtawa kijana alisumbuka rohoni, naye hakupona kwa kufunga na kukesha peke yake. Alimwendea mkubwa wake Johann von Staupitz, akamfunulia yaliyomo, na Staupitz akamwelekeza kwenye jeraha za Kristo. Baadaye, mwaka 1530, Luther alimwandikia Hieronymus Weller, kijana aliyewafundisha watoto wake na ambaye moyo wake ulikuwa umeinama sana. Alimsihi asikae peke yake, bali atafute watu, acheke na kufanya mzaha. Nasi watu wa pwani hatuoni ajabu kwa shauri hilo, maana twawajua watani wetu: katika matanga mtani huja akawachekesha wafiwa, na watu hupata pumzi. Na Luther alipoandika Makala ya Schmalkald, alizitaja njia ambazo Injili hutusaidia: mahubiri, Ubatizo, Meza ya Bwana, maungamo, kisha akaongeza mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Basi kumfunulia mwenzako moyo si desturi mpya iliyotoka mbali. Imo katika mafundisho ya Kanisa letu tangu mwanzo.

II. Mungu alivyomtendea

Sasa na tutazame Mungu alimtendea Eliya nini, na kwa utaratibu gani, maana utaratibu wenyewe ni fundisho.

Kwanza alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa kubwa. Hapakuwa na karipio wala mahubiri, wala malaika hakumwuliza, “Imani yako iko wapi?” Mungu aliyeuumba mwili ajua ya kuwa moyo na mwili ni majirani wa ukuta mmoja, mmoja akiungua, mwingine hupata moshi. Kwa hiyo twasema pasipo hofu: mtu asiyelala wiki mbili, asiyekula, asiyefurahia tena jambo lo lote, huyo ahitaji kuonwa na daktari. Dawa itakayompa usingizi si adui wa sala, kama vile mkate ule wa makaa haukuwa adui wa sala.

Pili, Mungu alimwuliza. Eliya alipofika Horebu, akaingia pangoni, Bwana alimwuliza afanya nini pale. Je, Mungu hakujua? Alijua. Walakini aliuliza, ili Eliya aseme. Naye Eliya akasema yote: bidii yake, uovu wa watu, manabii waliouawa, na ya kuwa amesalia yeye peke yake. Upepo ukapita, na tetemeko, na moto, na baada ya hayo sauti ndogo ya utulivu. Kisha Mungu akamwuliza tena swali lile lile. Na Eliya akajibu tena maneno yale yale. Wasomaji wengine huona ajabu kwa kurudia huku. Lakini aliyewahi kukaa na mfiwa haoni ajabu. Mtu aliyeumia husema jambo lake mara moja, na ya pili, na ya kumi, mpaka uchungu upate kutoka. Mungu hakumwambia, “Umekwisha kuyasema hayo.” Alimsikiliza mara mbili.

Tatu, Mungu alimsahihisha, lakini kwa wakati wake. Eliya alisema ya kuwa yu peke yake, na neno hilo halikuwa kweli. Walikuwako watu elfu saba ambao hawakumpigia Baali magoti. Mungu aliijua hesabu hiyo tangu siku ya mretemu, lakini hakumtupia pale jangwani mtu mwenye njaa na usingizi. Alimwambia mwisho, baada ya chakula, baada ya safari, baada ya kumsikia mara mbili. Kweli isemwayo kabla ya wakati wake huumiza kama jiwe. Ile ile ikisemwa kwa wakati wake hulisha kama mkate.

Nne, Mungu alimpa kazi na mwenzake. Alimrudisha njiani, akamwagiza kuwatia watu mafuta, na mmoja wao ni Elisha, ambaye alimfuata na kumtumikia. Yule aliyemwacha mtumishi wake Beer-sheba akapewa mtu mwingine wa kwenda naye. Hivyo ndivyo Mungu alivyomponya nabii wake: usingizi, chakula, swali, sikio, kweli, kazi, na mwenzi.

III. Mshauri ni nani?

Mkiutazama utaratibu huo, ndugu, mtaielewa kazi ya mshauri. Mshauri mwema hufanya kwa kadiri ya mwanadamu yale ambayo Mungu alimfanyia Eliya. Humketisha mtu mahali pa faragha. Humwuliza, kisha hunyamaza. Husikia habari ile ile tena na tena pasipo kuchoka. Akiisha kusikia, humsaidia mtu kuona ni neno gani katika fikara zake lililo kweli na ni lipi ambalo huzuni imeliongeza. Kisha hupatana naye juu ya hatua ndogo: leo utatoka nje, kesho utamwendea dada yako, juma hili wewe na mkeo mtakaa nusu saa, mmoja aseme na mwingine asikie. Mtu huja kwake mara nyingi, maana moyo hauponi kwa siku moja.

Wala asidhani mtu ya kuwa jambo hili ni geni kwetu. Watu wa pwani tangu zamani wamekuwa na washauri wao. Binti alikuwa na somo wake, aliyemfunda na ambaye alimwendea na siri zake hata baada ya kuolewa. Mume na mke walikuwa na mshenga. Kijana alimwendea mjomba wake, na mjukuu alilia mapajani pa bibi yake. Lakini leo somo amebaki kijijini, na binti yuko Dar es Salaam. Mjomba yuko Korogwe, na kijana yuko Arusha. Haja ya kusikiwa ingaliko, bali wasikiaji wametawanyika. Basi ikiwa wako watu waliojifunza kazi hii kwa bidii, tuwashukuru. Wengi wetu tulilisikia jina la ushauri nasaha kwa sababu ya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na baadaye katika vituo vya kupima aliwekwa mtu wa kuongea na kila aliyekuja, kabla ya kipimo na baada yake. Wengi walioingia humo wakitetemeka walitoka wakiwa na nguvu ya kuishi, kwa sababu ya nusu saa ya mazungumzo.

Lakini mshauri si mganga wa ramli. Hilo tuliseme wazi. Mganga wa ramli hutafuta wa kulaumiwa: humtaja jirani, au shangazi, au mke mwenza. Mtu hutoka kwake na hirizi na adui mpya, na tangu siku ile nyumba mbili haziombani moto. Mshauri hamtafuti mchawi. Humtafuta mgonjwa mwenyewe, pale alipopotea, amrudishe. Wala mshauri si hakimu wa kuamua nani ana haki na nani ana kosa. Wala si badala ya Kristo. Hasamehi dhambi, hilo hufanyika kwa neno la Mungu katika maungamo. Hasira na machozi ya mtu yakiwa yametokana na dhambi aliyoitenda, na aje aungame, asikie msamaha. Lakini machozi yote hayatokani na dhambi ya mwenye kulia. Kumtaka mfiwa atubu kwa sababu analia ni kumwekea jiwe juu ya jeraha. Luther mwenyewe alimzika binti yake Magdalena mwaka 1542, mtoto wa miaka 13, naye aliamini kabisa ufufuo, na hata hivyo alilia sana.

Mvuvi akiona maji ngamani mwa chombo chake, hukaa akaimba tu? La. Huomba Mungu, na huku afua maji, na akifika pwani humwita fundi wa kukalafati. Hakuna amwambiaye ya kuwa kwa kumwita fundi amemwacha Mungu. Basi moyo una thamani kuliko chombo.

IV. Urithi wetu wa Lutindi

Wako wasemao ya kuwa Kanisa halina kazi na maradhi ya moyo na akili. Hao na wapande Lutindi. Mahali hapo, katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, mwaka 1896 Wakristo wa Ujerumani walifungua nyumba ya kuwatunza watoto waliokombolewa katika utumwa. Katika miaka ya kwanza ya karne ya ishirini nyumba hiyo ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza ya namna hiyo katika nchi yetu, miaka mingi kabla serikali haijajenga Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920. Wauguzi wake wa kwanza walitoka Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, ambako tangu 1867 wenye kifafa walitunzwa kwa jina la Kristo, na ambako mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alikuja kuongoza mwaka 1872. Hata leo Lutindi ni hospitali ya Kanisa letu, katika Dayosisi ya Kaskazini Mashariki.

Tafakarini, ndugu, ya kuwa nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watoto waliofunguliwa minyororo ndiyo iliyopokea wagonjwa wa akili. Katika siku zile, na mahali pengine hata katika siku zetu, mgonjwa wa namna hii alifungwa kamba, au alifungiwa chumba cha nyuma, wageni wasimwone. Lutindi hupewa kitanda, na dawa, na zaidi ya hayo hupewa jembe, na chai ya kuchuma, na kazi za mikono. Ni utaratibu ule ule wa Horebu: chakula, sikio, kazi, mwenzi. Wazee wetu katika imani hawakuuliza kama kumtibu aliyevurugika moyo ni kukosa imani. Walijua ya kuwa ni imani iliyovaa nguo za kazi.

Lakini na ifahamike ya kuwa si kila aliye na huzuni ni mgonjwa wa akili, wala kwenda kwa mshauri si kupelekwa Lutindi. Watu hukaa na majonzi yao kwa kuogopa jina moja tu, wasije wakaitwa “wenye wazimu.” Mwenye kidonda kidogo akienda zahanati mapema, hakatwi mguu. Ndivyo ilivyo na moyo. Mababu zetu walisema: Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

V. Neno kwa walimu, wainjilisti na wazee wa kanisa

Ninyi ndugu mnaolala katika mitaa na kuzijua nyumba zote, ninyi ndio mtakaobishiwa hodi kwanza. Mtu mwenye huzuni haendi mjini mara moja. Huja kwa mwalimu, baada ya ibada, watu wakiisha kutawanyika, akajifanya kuuliza habari ya sadaka. Basi shikeni maneno haya machache.

Msiwe na haraka. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hapana aliyemwambia neno. Siku hizo saba walikuwa rafiki wema. Ubaya wao ulianza walipofumbua vinywa kumtafutia kosa.

Mtunze siri. Neno la faragha likitoka kwa mwalimu likafika kisimani, mlango umefungwa, si kwa mtu yule tu, bali kwa kijiji kizima. Maana wote wataona ya kuwa kwa mwalimu hapasemeki. Mambo ya mtu hayafai kuwa mfano wa mahubiri, hata jina lake lisipotajwa. Katika mtaa mdogo jina halina haja ya kutajwa.

Katika shauri la ndoa msisikilize upande mmoja. Lakini ikiwa mmoja apigwa, msimwambie avumilie arudi. Kwanza awe mahali pa usalama; mapatano yatakuja baadaye, yakija.

Mjue mpaka wenu. Mtu akiwa halali, hali, asikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anena habari ya kufa, msibaki naye katika maombi peke yake. Ombeni naye, kisha nendeni naye, kwa miguu yenu, hata kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Huko watajua pa kumpeleka. Kumpeleka si kumtupa. Mkishampeleka, mfuateni kumtazama.

Na mtu aliyenena habari ya kujiua, msiogope kumwuliza waziwazi kama awaza hivyo. Wako wadhanio ya kuwa swali hilo litampa wazo, sivyo. Mara nyingi ndilo linalomfungulia kinywa. Msimwache peke yake, ondoeni karibu naye vitu vya hatari, na siku ile ile mpelekeni kwa daktari. Na ikiwa msiba umekwisha kutokea, wahurumieni wafiwa, msiwaongezee hukumu. Luther alisema ya kuwa mtu wa namna hiyo ni kama msafiri aliyevamiwa na mnyang’anyi msituni. Hakuthubutu kusema kwa hakika ya kuwa amepotea.

Msiseme, “Sisi hatukusoma kazi hii.” Huko Harare, nchini Zimbabwe, tangu 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha kina bibi 14 wa mtaa wa Mbare kuketi bengini pamoja na watu waliolemewa, kuwasikiliza na kuwasaidia kutafuta njia. Hatua ya kwanza ya mazungumzo yao waliipa jina lenye maana ya kufungua mawazo. Mwaka 2016 ilitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa: waliokaa na kina bibi hao, baada ya miezi sita, walionekana kupungukiwa na huzuni kuliko wale waliotunzwa kwa njia ya kawaida tu. Kama bibi akifundishwa aweza, mwalimu na mzee wa kanisa waweza pia, nao Umoja wa Wanawake zaidi. Benchi liko katika kila usharika. Kinachotakiwa ni mtu aliyefundishwa kukalia upande mmoja, na moyo wa upole.

VI. Neno kwako wewe

Na sasa twanena nawe, ndugu yetu, dada yetu, ambaye umesoma mpaka hapa kwa sababu habari hii ni yako. Huenda umejibu “Njema” miezi mingi. Huenda umemwomba Mungu akuondolee uchungu huu, nao haujaondoka, na sasa waona ya kuwa hakusikii. Eliya naye aliomba jambo chini ya mretemu, na Mungu hakumpa lile aliloliomba. Aliomba kufa, akapewa mkate. Huenda jibu la maombi yako limekwisha kutumwa, nalo si moto ushukao, bali ni mtu mmoja aliye tayari kuketi nawe na kukuuliza: Wafanya nini hapa?

Basi usimwache mtumishi wako Beer-sheba. Chagua mtu mmoja juma hili: mchungaji wako, au mwalimu, au muuguzi, au dada mwaminifu. Mwambie neno moja tu la kweli, hata likiwa hili tu: “Si njema.” Mficha uchi hazai, na mficha moyo hapati faraja. Mtu huyo akikuambia uende kwa mshauri au kwa daktari, usidhani ya kuwa amekusukuma mbali. Nenda, na ukiona safari ni kubwa kupita nguvu zako, kumbuka ya kuwa malaika aliijua safari ile kabla ya Eliya, naye alileta chakula mara mbili.

Ee Bwana, uliyemlisha mtumishi wako jangwani na kumsikia mara mbili, uwatazame walio chini ya mretemu katika Tanga, na Muheza, na Pangani, na Korogwe, na katika milima yetu yote. Uwape usingizi usiku huu. Uwape mtu wa kuwasikiliza. Sisi nasi utupe masikio yasiyochoka na vinywa vinavyojua kunyamaza. Kwa ajili ya Yesu Kristo, aliyewaambia rafiki zake huzuni yake. Amin.